Unyago Ambao Hatukuchezwa

  Mazungumzo ya leo ni ya watu wazima, lakini msiwafukuze watoto sebuleni. Yatakayosemwa yanawahusu baba zao na mama zao, na mtoto anayeelewa kwa nini mama yake amekuwa mwepesi wa hasira mwaka huu amepunguziwa hofu.

Tunatoka katika jamii iliyojua kumpokea mtu anapobadilika mwili. Pwani, na katika makabila mengi ya bara, binti akivunja ungo hakuachwa ahangaike peke yake. Aliwekwa ndani, akapewa somo, akachezwa unyago. Aliambiwa damu ile ni nini, ajisitiri vipi, na mwili wake utamtaka nini siku za mbele. Mvulana naye alikaa kumbini na wenzake, wazee wakawafunda. Bi Kidude wa Unguja, marehemu Fatuma binti Baraka aliyetutoka Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, ila nyumbani alikuwa pia fundi wa unyago, na ngoma yake ilikuwa na kazi: palikuwa na mwari aliyetakiwa kufundwa.

Sasa, mwili haubadiliki mara moja tu. Hubadilika tena mtu akiwa na umri wa makamo, tuseme kuanzia miaka 40 mpaka 60. Usingizi unabadilika, na damu, na macho, na mifupa, na hamu, na hasira, hata namna ya kuiwaza kesho. Kwa mabadiliko haya ya pili hakuna ngoma iliyopigwa. Hakuna somo, hakuna kumbi. Kila mmoja anauingia mlango huo peke yake, usiku, akidhani yeye ndiye wa kwanza kuupita. Hoja yangu jioni hii ni moja: tumenyimana mafundisho ya nusu ya pili ya maisha, na kunyimana huko kunavunja ndoa, kunaficha maradhi, na kunawafanya watu wenye akili zao timamu waamini kwamba wamerogwa.

Nianze na wanawake, maana mabadiliko yao yana alama inayoonekana. Madaktari humhesabu mwanamke kuwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na isiwe kwa sababu ya mimba, kunyonyesha wala dawa. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Anayefika kabla ya 40 amewahi mno, aende akaonwe na daktari. Lakini mwezi ule wa kumi na mbili ni tamati tu. Kabla yake kuna miaka kadhaa ya mpito, na ni hapo ndipo penye shughuli. Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, na akiba hiyo inapokaribia kuisha, homoni ya estrojeni haishuki kwa utaratibu; leo iko juu, wiki ijayo iko chini. Siku zinakuja mara mbili kwa mwezi, kisha zinapotea miezi mitatu, kisha zinarudi kwa damu nyingi ya kutisha. Na mimba, wasikilizaji wangu, katika miaka hiyo bado inaweza kuingia. Wapo wanaoacha uzazi wa mpango kwa kudhani mlango umefungwa, kumbe uko wazi.

Halafu kuna lile joto. Katika ubongo ipo sehemu inayopima joto la mwili na kuamuru utoe jasho au utetemeke. Estrojeni inapoyumba, sehemu hiyo inakuwa kama mlinzi wa usiku anayepuliza filimbi kila paka apitapo uani: badiliko dogo la joto ambalo jana lisingesumbua, leo linaamsha mwili mzima. Mishipa ya damu ya usoni na kifuani inatanuka, moyo unakwenda mbio, jasho linamiminika, na baada ya dakika chache mtu anaanza kusikia baridi. Usiku shuka linaloa. Utafiti mkubwa uliowafuata wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2015, ulikuta kwamba kati ya waliosumbuliwa na joto hilo mara kwa mara, nusu waliendelea nalo kwa zaidi ya miaka 7. Kwa wanawake weusi ilikuwa zaidi ya miaka 10. Miaka kumi si msimu wa kupita. Ni sehemu kubwa ya maisha ya mtu, na ni haki yake kujua.

Hebu tuangalie jambo hili linavyokuwa ndani ya nyumba ambamo halikuwahi kutajwa. Mama ana miaka 47. Anaamka usiku amelowa, anawaza malaria. Anakwenda kupima, hana. Wiki ya pili anarudi kupima tena, safari hii na taifodi. Moyo unapiga mbio, jirani anasema ni presha. Anasahau sufuria jikoni, anasahau jina la mtoto wa wifi yake, anaingiwa na hofu kwamba akili inamtoka. Analia bila sababu, kisha anamfokea kila mtu. Shangazi anashauri aitiwe mganga, kuna kitu kimepandishwa. Na chumbani, tuseme ukweli, uke umekuwa mkavu, tendo la ndoa linamuuma, kwa hiyo analikwepa. Hasemi kwa nini, maana hata yeye hajui. Mume anahesabu siku. Kwake jawabu ni mojawapo kati ya mawili, ama amenichoka ama anaye mwingine. Mume akiamini hivyo, na yeye anatoka. Ndoa ya miaka 25 inakwenda kwa wazee kusuluhishwa, na katika kikao kizima hakuna hata mmoja, mwanamke wala mwanamume, anayetaja hedhi.

Na tusisingizie dini wala heshima. Kurani katika Suratut Talaq inamtaja waziwazi mwanamke aliyekatika hedhi, ikampangia eda ya miezi mitatu. Biblia katika kitabu cha Mwanzo inaeleza kwamba Sara alikuwa amekwisha kukoma desturi ya wanawake kabla ya kuahidiwa Isaka. Vitabu vyote viwili vimelisema bila kigugumizi. Kigugumizi ni chetu.

Kuna tiba? Ipo. Ukavu wa uke una dawa za kupaka, nyingine za kulainisha tu na nyingine zenye estrojeni kidogo. Joto lina dawa, na kwa anayelemewa zipo homoni zenyewe zinazorudishwa mwilini. Homoni hizi ziliogopwa sana baada ya Julai 2002, pale jaribio kubwa la Marekani la wanawake zaidi ya 16,000 liliposimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliopewa mchanganyiko wa homoni walipata saratani ya matiti na matatizo ya moyo zaidi kuliko wenzao. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, lakini jambo moja halikuzunguka nayo: wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu kukoma hedhi, na ambaye hana historia ya saratani ya matiti, kuganda kwa damu au kiharusi, faida mara nyingi huzidi hatari. Sisemi kila mtu azitumie. Ninasema kila mtu anastahili kuelezwa, kisha aamue na daktari wake.

Jambo moja naomba mlishike hata mkisahau mengine yote. Damu ikionekana baada ya mwaka mzima wa kukoma hedhi, hata ikiwa tone moja, usiite hedhi iliyorudi wala usifurahie ujana. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi itakuwa ni jambo dogo, lakini saratani ya mji wa mimba na ya shingo ya kizazi hujitangaza hivyo, na zikiwahiwa zina tiba.

Sasa wanaume, msiondoke.

Mwanamume hana siku ya kukoma. Homoni yake ya testosteroni hupungua polepole, kiasi cha asilimia 1 kwa mwaka baada ya miaka ya thelathini na kitu, na wengi hufika uzeeni ikiwatosha. Kwa hiyo anapoona nguvu za kiume zinapungua akiwa na miaka 50, mara nyingi tatizo haliko kwenye homoni. Liko kwenye mishipa ya damu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, na mafuta, sukari na shinikizo la damu vinapoanza kuiharibu mishipa ya mwili, ile myembamba ndiyo inayoziba mapema. Shida ya chumbani inaweza kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa. Mwili unamwambia mtu: nenda kapime.

Naye anakwenda wapi? Anakwenda stendi. Anakwenda kwa muuza mizizi kando ya barabara, au anapiga namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Ninaichukia biashara hii, nalisema wazi, kwa sababu inakula fedha za watu wenye aibu na inawafungia njia ya kupona. Katika nchi nyingi, dawa zinazoitwa za asili za kuongeza nguvu zimepimwa maabara zikakutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali yenye masharti yake. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti za kutuliza maumivu ya kifua akiimeza ile, presha yake inaweza kuporomoka akafa kitandani. Watu watasema amefia juu ya mwanamke, watacheka msibani, na mwingine kesho atakwenda kununua unga ule ule.

Presha na sukari haviumi. Hilo ndilo janga lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu takriban bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajijui. Fikiria mtu anayebeba hatari hiyo miaka kumi, anakula vizuri, anacheka vizuri, kisha siku moja asubuhi mdomo unapinda. Namba ya kukumbuka ni 140 kwa 90: ukifika hapo au kupita, kwa vipimo zaidi ya kimoja katika siku tofauti, wewe unahitaji matibabu, na matibabu yenyewe ni ya kila siku, si ya siku unayoumwa kichwa.

Tezi dume nayo. Inazunguka njia ya mkojo, na inakua kadiri mwanamume anavyokua. Kwa wanaume wa miaka ya hamsini, karibu nusu tayari imekwisha kutanuka, ndiyo maana baba anaamka usiku mara tatu na mkojo unatoka kwa kukatika. Kutanuka huko mara nyingi si saratani. Lakini saratani ya tezi dume ikianza haina maumivu, na sisi weusi tumo katika walio hatarini zaidi. Wengi wanakimbia hospitali kwa kuogopa kupimwa kwa kidole. Kipo kipimo cha damu cha kuanzia, kinaitwa PSA, ni sindano ya mkononi tu. Ukifika miaka 45 mwulize daktari.

Kuhusu kitambi nitasema jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Tumezoea kujifariji kwamba mtu akipita arobaini mwili unapunguza kasi ya kuunguza chakula, kwa hiyo kitambi hakiepukiki. Mwaka 2021 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia vichanga hadi wazee wa miaka 95. Walikuta kwamba kuanzia miaka 20 hadi 60, ukizingatia ukubwa wa mwili na nyama zake, kasi ya kuunguza chakula haibadiliki. Inayobadilika ni misuli, ambayo hupungua kidogo kidogo tangu miaka ya thelathini isipofanyishwa kazi. Na kwa wanawake, estrojeni ikishuka, mafuta yanahama kutoka mapajani kwenda tumboni. Linalobaki ni kukaa. Tulipopandishwa vyeo tulipewa kiti na gari, na nyumbani tukapewa mtu wa kutuchotea maji. Dawa ya misuli ni kuinua uzito, hata ndoo, hata mtungi, hata mjukuu, na kupanda mlima au ngazi kwa makusudi. Kwa mwanamke ni muhimu mara mbili, kwa sababu katika miaka michache inayofuata kukoma hedhi mifupa hupoteza madini kwa kasi, na mfupa hupata nguvu kwa kubebeshwa mzigo.

Macho nitayapita haraka. Lenzi ya jicho huanza kukakamaa tangu ujana, na kuanzia miaka 40 hivi kila mtu, awe amesoma au hakusoma, huanza kuiweka sindano mbali ili aione. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Assam, India, kwa wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu walichuma zaidi kwa karibu asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Miwani tu! Fundi cherehani wetu, mama anayechambua mchele, mzee anayeacha kusoma msahafu wake kwa kusema macho yamechoka, wote hao huenda wanakosa kitu cha bei ndogo kabisa.

Moyo na akili ndivyo vigumu zaidi kusemea. Mwaka 1965 Elliott Jaques, daktari wa nafsi mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi London, aliandika makala kuhusu kifo na mtikisiko wa katikati ya maisha. Hoja yake ilikuwa kwamba kuna wakati mtu anaacha kukijua kifo kama habari ya watu wote, anaanza kukijua kama habari yake. Baadaye wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walikusanya takwimu za nchi nyingi na mwaka 2008 wakasema kwamba kuridhika na maisha huwa juu ujanani, hushuka hadi chini kabisa miaka ya arobaini na kitu, kisha hupanda tena. Mwaka 2012 watafiti wakadai kuona umbo hilo hilo kwa sokwe na orangutani 508 waliofugwa, kwa kuwauliza walezi wao.

Mimi siamini kwamba umbo hilo ni la kila mahali. Mwaka 2024 mtafiti Michael Gurven na wenzake walitazama jamii za watu wanaoishi kwa kulima, kuvua na kuwinda chakula chao wenyewe, na mara nyingi hawakulikuta. Huko kuridhika hushuka pale mikono inapoanza kushindwa kazi. Nalo linaeleweka. Mzee asiye na pensheni anategemea nini kama si mikono?

Kwetu mtikisiko wa makamo una sura yake. Sura yake ni nyumba iliyokwama kwenye linta. Ni ada ya muhula, na mtoto wa kwanza amemaliza chuo hana kazi, na wa mwisho ndiyo kwanza yuko darasa la tano. Ni simu ya kijijini saa nne usiku: mama ameanguka, tuma nauli. Mtu wa miaka 48 anawatazama walio chini yake na walio juu yake, wote wanamtazama yeye, na katika kundi la simu la waliosoma pamoja wanaanza kuchangishana rambirambi za wenzao wa darasa moja. Hapo ndipo wengine hukimbilia pombe, wengine hukimbilia binti wa miaka 23 ili wajione bado wamo. Wengine hunyamaza tu. Kunyamaza huko, kukifika wiki mbili na zaidi, mtu hana hamu na kitu, halali au analala mno, anajiona hana faida, kunaitwa sonona, ni ugonjwa na unatibika. Miaka ya mpito wa hedhi inaongeza hatari yake kwa wanawake, hasa waliowahi kuugua zamani.

Ila akili ya makamo haijaharibika kama inavyojidhania. Mtafiti K. Warner Schaie alianza mwaka 1956 kuwapima watu wa Seattle, akawarudia wale wale kila baada ya miaka saba kwa miongo kadhaa. Kasi ilipungua, hilo ni kweli. Lakini katika kuelewa maneno, kupima hoja, kukumbuka yaliyosemwa na kuyageuza mambo akilini, wengi walifika kileleni kati ya miaka 40 na 65. Anayesahau funguo mezani ndiye yule yule anayeweza kukaa na ndugu wawili wanaogombea shamba akawapatanisha.

Na hapa ninafika kwenye jambo linalonigusa kuliko yote, tena limetoka kwetu. Kwa nini mwanamke anakoma kuzaa ilhali bado ana miaka mingi ya kuishi mbele yake? Wanyama wengi huzaa hadi karibu na kufa. Katika miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Walihesabu nani anachimba nini kwa saa ngapi. Walichokiona kilibadilisha mawazo ya wanasayansi wengi: wanawake waliokwisha kukoma kuzaa walikuwa wakifanya kazi ya kutafuta chakula kwa saa nyingi kuliko binti zao. Mizizi ya kule iko chini sana katika ardhi ngumu yenye mawe, mtoto hawezi kuifikia, na mama mwenye kichanga hapati muda. Mama anapojifungua, mtoto wake aliyeachishwa ziwa ananenepa au kudhoofu kulingana na jembe la bibi, ule mti uliochongwa ncha. Mwaka 1998 waliandika kwamba huenda maisha marefu baada ya hedhi yalijengeka hivyo: wajukuu wa mabibi wenye nguvu ndio waliobaki hai.

Hoja hiyo bado inajadiliwa, na jirani zetu wameuongezea mjadala chumvi. Katika msitu wa Kibale, Uganda, lipo kundi la sokwe la Ngogo lililofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2023 Brian Wood na wenzake walitangaza kwamba majike wa Ngogo nao hukoma uzazi wakikaribia miaka 50, na homoni zao kwenye mkojo hubadilika kwa namna ile ile ya wanawake. Huishi karibu sehemu moja ya tano ya utu uzima wao baada ya hapo. Na majike hao hawalei watoto wa binti zao, kwa sababu binti wa sokwe akipevuka huhamia kundi jingine. Kwa hiyo jawabu lote halijapatikana. Lakini msikilizaji wangu wa kike unayeambiwa umeisha, umekwisha kazi, ukumbuke bibi wa Eyasi na mti wake mkononi. Bila yeye, wapo ambao wasingezaliwa.

Hata hivyo, wapo watu wetu walioipa hatua kama hii heshima yake. Wamaasai wana Olng'esherr, sherehe inayofunga umorani na kumwingiza mwanamume katika uzee wa baraza. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka, pamoja na Enkipaata na Eunoto, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Na Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, alipoandika habari za maisha yake aliigawa kazi sehemu mbili, na ya pili akaiita Baada ya Miaka Hamsini. Aliona kwamba huko mbele nako kuna habari ya kuandikwa. Hakujaliwa kuishi huko miaka mingi.

Sasa nani awe kungwi wetu? Kila mwezi katika miji yetu zinafanywa sherehe za kumfunda bibi harusi. Ukumbi unakodishwa, sare zinashonwa, na mafundi wa maneno wanamweleza binti wa miaka 26 yote ya jikoni na chumbani. Wanaomzunguka kwenye viti, wakipiga vigelegele, ni wanawake wa miaka 45, 50, 55. Wengi wao usiku uliopita wameamka wamelowa jasho, na hakuna anayewaambia neno. Wanaume nao wanakaa kijiweni kila jioni, wanazungumza mpira na siasa mpaka giza, na kila mmoja ana namba yake ya presha asiyoijua.

Tusingoje serikali. Kikundi chenu cha kikoba, au chama chenu kama mnavyoita Kenya, kina siku yake ya kukutana. Mkimaliza kuhesabu hisa, kabla ya chai, tengeni saa moja. Mwiteni muuguzi wa zahanati ya karibu, ikiwezekana mwanamke wa makamo ambaye haya anayapitia mwenyewe. Aje na mashine ya kupimia presha, na aje na majibu ya maswali mliyoyaandika kwenye vikaratasi bila majina. Mama mkwe aliyekwisha kuvuka aseme alivukaje, mkwe wake asikie. Na ile nusu saa ya mwisho, milango ifunguliwe, waume waingie, wakae kando ya wake zao, wapimwe na wao.